Saa janja ikikuongezea kalori, je, uzile zote?

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi Bukene, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Ana miaka 34, uzito wa kilo 78 na urefu wa sentimita 160. Ameamua kupunguza uzito pole pole. Mkononi ana saa janja, kwenye simu ana programu ya lishe, na vyote viwili ameviunganisha.

Asubuhi programu ilimwambia bajeti yake ya siku ni kalori 1,490. Saa kumi jioni anafungua simu na kukuta bajeti imepanda hadi 1,830. Pembeni imeandikwa kwamba amepata marekebisho ya kalori 340.

Anafurahi. Amestahili, si ametembea kwenda shule na kurudi? Usiku anaongeza ugali kidogo na karanga, anamaliza zote 1,830. Anapokaribia kulala anaangalia tena simu. Bajeti imeshuka hadi 1,730. Rangi imegeuka nyekundu. Eti amezidisha kalori 100.

Watu wengi wakifika hapa huona programu ni ya uongo, wanaifuta. Wengine wanaendelea kula kila wanachoongezewa, mwezi unaisha, mizani haijasogea hata nusu kilo. Wapo pia wanaoona namba ina alama ya kutoa, wanadhani wameadhibiwa, wanalala na njaa.

Wote hawa wanahangaika na kitu kimoja: namba ambayo hawajaelezwa inatoka wapi.

Kibaba hakikuwa na marekebisho

Kupima chakula kwa kulinganisha na kazi si jambo geni upande huu wa nchi. Karne ya 19, Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa misafara kati ya Tabora na pwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na safari ilichukua miezi.

Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, takriban gramu 700. Kwa mtama au mahindi, hiyo ni kama kalori 2,300 hadi 2,500. (Kalori inayotajwa kwenye simu na kwenye makala hii ni kilokalori, ileile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula.)

Kibaba kilikuwa bajeti isiyobadilika. Siku ya mwendo mrefu kibaba, siku ya mwendo mfupi kibaba.

Programu za lishe za leo zinafanya kinyume. Zinaanza na kibaba cha kukisia, halafu zinakiongeza au kukipunguza siku nzima kadiri saa inavyoleta taarifa. Huko kuongeza na kupunguza ndiko kunakoitwa marekebisho ya kalori.

Namba inatoka wapi?

Inatoka kwenye makisio mawili.

Kisio la kwanza ni la programu yenyewe. Mtumiaji anapojisajili, anajaza jinsia, umri, urefu na uzito. Programu inaingiza taarifa hizo kwenye kanuni ya hesabu. Inayotumika sana inaitwa Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, kanuni hiyo inasema: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161.

Kwa mwalimu wetu, jibu ni karibu kalori 1,450. Hizo ni kalori ambazo mwili wake unatumia kwa siku hata akilala tu: moyo kudunda, mapafu kupumua, ubongo kufanya kazi.

Kisha programu inauliza: siku yako kwa kawaida ikoje? Mwalimu alichagua "anakaa muda mwingi". Kwa chaguo hilo, programu nyingi huzidisha kwa takriban 1.2. Inakuja kama 1,740. Kwa kuwa anataka kupungua karibu robo kilo kwa wiki, programu ikatoa 250. Ndipo ikabaki ile bajeti ya asubuhi, 1,490.

Kisio la pili ni la saa. Saa nayo inaanza na kalori za mwili uliopumzika, kisha inaongeza kulingana na hatua, mwendo wa mkono na mapigo ya moyo.

Marekebisho ni tofauti ya makisio haya mawili. Saa ikisema mtu ametumia zaidi ya alivyotarajiwa na programu, anaongezewa. Ikisema ametumia pungufu, anapunguziwa.

Kwa hiyo ile 340 haikuwa idadi ya kalori alizochoma mwalimu kwa kutembea. Ilikuwa pengo kati ya kisio moja na jingine.

Mbona usiku imepungua?

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga.

Saa kumi jioni siku bado haijaisha. Zimebaki saa nane kufika saa sita usiku, ambapo programu inafunga hesabu na kuanza siku mpya. Programu kama MyFitnessPal hazisubiri. Zinachukua kalori ambazo saa imeshaziripoti, kisha zinajaza muda uliobaki kwa kisio lao wenyewe.

Hesabu ya mwalimu ilikuwa hivi:

• Saa iliripoti kalori 1,500 kufikia saa kumi jioni.
• Programu ilijaza saa nane zilizobaki kwa kiwango chake cha kalori 72.5 kwa saa, jumla 580.
• 1,500 na 580 ni 2,080.
• Programu ilitarajia 1,740. Tofauti ni 340.

Lakini jioni mwalimu alikaa akisahihisha madaftari, akala, akajilaza. Katika saa hizo nane hakutumia kalori 580. Saa ilihesabu kama 480. Siku ikafungwa na jumla ya 1,980, na marekebisho yakawa 240.

Zile 100 hazikuibwa. Zilikuwa utabiri ambao haukutimia.

Somo la kwanza ni hilo: marekebisho ya mchana ni deni, si pesa mkononi. Namba inayoweza kuaminiwa ni ya mwisho wa siku.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi mtandao ukisumbua au bando likiisha. Saa inaweza kukaa na taarifa zake tangu asubuhi bila kuzifikisha kwenye programu, kisha jioni zikaingia zote kwa mpigo. Namba inaruka kutoka sifuri hadi mamia ndani ya sekunde chache. Anayekula kwa kufuata namba ya dakika hiyo atayumba nayo.

Vilevile tarehe na majira ya saa kwenye simu yakiwa hayajapangwa kwa Afrika Mashariki, siku ya programu inaweza kukatika katikati ya jioni badala ya usiku wa manane. Chakula cha usiku kinahesabiwa kesho, na matembezi ya leo yanabaki leo.

Ikija na alama ya kutoa

Sasa tuseme mwalimu yuleyule, siku ileile, mwendo uleule. Kitu kimoja tu kimebadilika: wakati wa kujisajili alijisikia mchapakazi, akachagua "nina shughuli nyingi sana".

Kwa chaguo hilo programu inazidisha kwa takriban 1.7. Badala ya 1,740 inatarajia atumie kalori 2,500. Ikitoa 250 za kupunguza uzito, asubuhi anapewa bajeti ya 2,250.

Usiku saa inaleta jumla yake: 1,980. Hiyo ni pungufu ya 2,500 kwa kalori 520. Kwa hiyo marekebisho yanasomeka kutoa 520, na bajeti inashuka hadi 1,730.

Tazama vizuri. Ni 1,730 ileile aliyoipata alipochagua "anakaa muda mwingi" na kuongezewa 240. Njia mbili, jibu moja.

Alama ya kutoa si adhabu, wala haimaanishi mtu amekuwa mvivu. Inasema tu kwamba kisio la asubuhi lilikuwa kubwa kuliko siku ilivyokwenda.

Hatari ipo kwingine. Katika baadhi ya programu, MyFitnessPal ikiwemo, mtumiaji anaweza kuzima au kuwasha marekebisho ya kutoa. Yakizimwa, programu inaongeza tu, haipunguzi. Mwalimu aliyechagua "shughuli nyingi sana" ataendelea kuona 2,250 siku nzima, wakati mwili wake umetumia 1,980. Atakula kwa kufuata maelekezo, atajiona mwaminifu, na bado kila siku anazidisha kalori 270.

Kwa siku 28 hizo ni zaidi ya 7,500. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Yaani anaweza kuongezeka karibu kilo moja kwa mwezi huku simu ikimpongeza.

Kalori zinazohesabiwa mara mbili

Kosa jingine ni kuandika mazoezi kwa mkono wakati saa imeshayaona.

Mwalimu ametembea saa nzima. Saa imehesabu. Halafu mwenyewe anaingia kwenye programu anaandika "kutembea, dakika 60". Baadhi ya programu hugundua mgongano huo na kufuta moja, lakini mpaka muda wa kuanza uandikwe sawasawa. Ukiandikwa muda tofauti, matembezi mamoja yanakuwa mawili.

Hata ile namba ya mazoezi yenyewe ina mtego. Kwa mtu wa kilo 78, kutembea kwa mwendo wa kawaida saa nzima ni kama kalori 270. Lakini ndani yake zimo karibu 80 ambazo angetumia hata kama angekaa kwenye kiti. Kutembea kwenyewe kumemwongezea kama 190 tu.

Kingine: simu mfukoni nayo inahesabu hatua, saa mkononi inahesabu hatua. Zote mbili zikiruhusiwa kupeleka taarifa, kupitia Health Connect ya Android au Apple Health ya iPhone, ni lazima mtumiaji achague chanzo kimoja kiwe kikuu. Vinginevyo hesabu zinaweza kurundikana.

Saa yenyewe inakosea kiasi gani?

Mpaka hapa tumeichukulia saa kama shahidi wa kweli. Si hivyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 wa kujitolea. Vilikuwemo Apple Watch, Fitbit Surge na Samsung Gear S2. Walilinganisha namba za vifaa hivyo na vipimo vya maabara.

Kwenye mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikuwa na makosa ya chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yaliharibika. Kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Cha mwisho kilikosea kwa asilimia 93.

Sababu inaeleweka. Mapigo ya moyo saa inayaona: inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kufuatilia damu inavyopita. Kalori haizioni. Inazikisia kutoka kwenye mapigo, mwendo na taarifa za mwili alizojaza mtu. Moyo unaweza kwenda mbio kwa joto la saa nane mchana, kwa hofu au kwa kikombe cha kahawa, bila misuli kufanya kazi ya ziada.

Utafiti huo wa Stanford uliona pia makosa yakiwa makubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, uliopima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, haukuona tofauti kubwa ya kitakwimu kati ya rangi na rangi. Ulichokiona ni kwamba mapigo yanayosomwa mtu akiwa kwenye shughuli yana makosa zaidi, kwa wastani wa asilimia 30, kuliko akiwa ametulia.

Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini kazi bado ni ya kukisia. Kwa hiyo marekebisho ni tofauti kati ya kisio na kisio, na makosa ya pande zote mbili yanaingia humo.

Jembe, ndoo na baiskeli

Kwa Bukene kuna jambo jingine. Saa hizi zilitengenezwa kwa kufikiria zaidi mtu anayekimbia barabarani au kwenye mashine ya mazoezi. Maisha ya hapa yana mijongeo mingine.

Baiskeli. Mikono imeshika usukani, haichezi. Saa inayotegemea hatua inaweza kuona mtu ametulia wakati miguu inahangaika kwenye mchanga. Mtumiaji anatakiwa kuiambia saa kwamba ameanza kuendesha baiskeli.

Jembe na mchi. Kulima na kutwanga kunatikisa mkono kila mara. Saa inaweza kuhesabu baadhi ya mitikisiko hiyo kama hatua, na bado isijue mgongo na mabega yanafanya kazi kiasi gani.

Bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Mtikisiko wa barabara mbovu nao unaweza kuongeza hatua ambazo hakuna aliyetembea.

Ndoo kichwani. Saa haijui kama kuna ndoo. Inaona hatua tu. Hapa kuna utafiti wa kuvutia wa Afrika Mashariki, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1986. Wanasayansi waliwapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya wakibeba mizigo. Waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji haukuongeza nguvu iliyotumika. Ukizidi hapo, gharama ilipanda.

Mwanamke wa kilo 60 anafika kikomo hicho kwenye kilo 12. Ndoo ya lita 20 inavuka. Lakini kwenye simu, aliyebeba ndoo na aliyetembea mikono mitupu wanaonekana sawa.

Wahadzabe walionyesha nini?

Ushahidi mkubwa kuliko wote kuhusu jambo hili umetoka Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi.

Mwaka 2012 timu ya mtafiti Herman Pontzer ilichapisha matokeo ya kupima nguvu wanayotumia Wahadzabe 30, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kulina asali. Hawakutumia saa. Walitumia maji yenye alama maalumu ya kitaalamu, ambayo mtu anayanywa, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika zaidi cha kalori mtu anazotumia akiwa kwenye maisha yake ya kawaida.

Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia watumie kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori za siku ilikuwa karibu sawa.

Maelezo ambayo Pontzer na wenzake wameyajenga tangu hapo ni kwamba mwili una namna ya kubana matumizi. Mtu akiongeza mwendo kila siku kwa muda mrefu, mwili unapunguza matumizi mahali pengine. Watafiti bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani na kwa watu gani.

Kwa mtu wa saa janja, maana yake ni moja. Saa hujumlisha: hatua zaidi, kalori zaidi. Mwili haujumlishi hivyo moja kwa moja. Mtu anayetembea sana kila siku ana sababu zaidi ya kutoamini marekebisho makubwa.

Hii haimaanishi kutembea hakuna faida. Moyo, sukari ya damu, presha na usingizi vyote vinanufaika. Ila faida hizo hazilipwi kwa sahani ya ziada.

Upande wa sahani

Saa ikilaumiwa, sahani nayo iangaliwe.

Ugali haupimwi kwa macho. Unga wa mahindi mkavu una kama kalori 360 kwa gramu 100, lakini ugali uliopikwa una maji mengi, kwa hiyo kinachopimwa kirahisi ni unga kabla haujaingia sufuriani. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula ni kama kalori 120. Vijiko viwili kwenye mboga ambavyo havikuandikwa vinafuta marekebisho yote ya mwalimu.

Programu nyingi zimetengenezwa nje. Mtu akitafuta matobolwa hayakuti, anachagua kiazi kitamu cha kuchemsha. Kumbe matobolwa yamekaushwa, maji yametoka, na kwa uzito uleule yana kalori mara tatu hadi nne ya kiazi chenye maji.

Kwa vyakula vya hapa nchini kuna Jedwali la Vyakula la Tanzania la mwaka 2008, lililoandaliwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu anaweza kuchukua namba humo na kuziingiza kwenye programu kama chakula chake mwenyewe, mara moja tu, kisha akazitumia kila siku.

Basi afanye nini?

Mwalimu wa mfano wetu hana haja ya kutupa saa wala kufuta programu. Anaweza kufanya haya:

1. Achague kiwango cha chini cha shughuli. Saa ikiwa imeunganishwa, "anakaa muda mwingi" inatosha. Shughuli nyingine saa italeta yenyewe.

2. Awashe marekebisho ya kutoa. Programu iruhusiwe kupunguza kama inavyoruhusiwa kuongeza.

3. Awe na chanzo kimoja. Saa au simu, si vyote viwili. Na asiandike kwa mkono kile ambacho saa imekiona.

4. Asile marekebisho ya mchana. Asubiri jioni, au atumie namba ya jana kupanga chakula cha leo.

5. Ale nusu. Tuseme saa imesema 1,980 lakini ukweli ni 1,850. Akila marekebisho yote 240, upungufu wake halisi unakuwa kalori 120 badala ya 250. Akila nusu, 120, upungufu unakuwa 240, karibu kabisa na lengo. Na kama saa ilikuwa sahihi, nusu hiyo inamwacha na upungufu wa 370, ambao bado si mkubwa.

6. Mizani iwe hakimu, tena kwa wiki nne. Uzito unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji na chumvi tu. Kwa upungufu wa 250 kwa siku, wiki nne zinaleta kama kilo 0.9. Ajipime asubuhi siku kadhaa kila wiki, achukue wastani. Wastani usiposogea baada ya wiki nne, apunguze sehemu ya marekebisho anayokula. Ukishuka haraka kuliko alivyopanga, aongeze.

Hatua hiyo ya sita ndiyo inayosahihisha makosa mengine yote. Haijalishi saa inakosea kwa asilimia ngapi, mradi inakosea kwa namna ileile kila siku.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Kwa mtu mwenye afya, kukosea marekebisho ni kupoteza mwezi. Kwa wengine ni zaidi ya hapo.

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari akipunguza mlo kwa sababu simu imeonyesha alama ya kutoa. Huyo asibadilishe chakula kwa kufuata programu kabla ya kuongea na mhudumu wake wa afya.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na kijana anayekua wana mahitaji ambayo kanuni ya Mifflin-St Jeor haiyahesabu. Bajeti ya kupunguza uzito haikutengenezwa kwa ajili yao.

Na mkulima, msimu wa kulima, ana hatari ya upande wa pili. Saa inaweza kuona hatua chache kwa sababu ameinama na jembe sehemu moja tangu asubuhi, ikamwandikia pungufu. Akiitii, anaenda shambani kesho yake bila nguvu. Kwake, njaa, uchovu na suruali inayolegea ni taarifa bora kuliko ile ya mkononi.

Mwalimu naye, kesho saa kumi jioni, ataona tena namba imepanda. Safari hii anajua ni utabiri. Anaweza kuiacha hapo, akapika chakula alichokipanga asubuhi, na kuangalia saa nne usiku imebaki ngapi.